Doti ya Jirani wa Juu

Nilimsikia kabla sijamwona. Tok, tok, tok, kisha kimya, kisha mkwaruzo mrefu kama wa mtu anayekwangua ukoko chunguni. Sauti ilishuka kutoka darini kwangu hapa Stratford, asubuhi baada ya asubuhi, wakati mimi niko kazini. Kazini kwangu ni sofani. Najibu simu za wateja wa kampuni moja ya umeme, nimevaa msuli, kwa kuwa mteja haoni. Wateja wakaanza kuniuliza kama ofisi yetu inabomolewa.

Mimi si mtu wa ugomvi. Ugomvi unataka kuvaa viatu. Nikamwomba mke wangu apande akaseme. Akanitazama. "Dari ni yetu sote, baba watoto, lakini anayelalamika ni wewe. Panda."

Nikapanda, nikapiga hodi, hakuna aliyefungua. Nikasema na mlango, kwa adabu zote, kwamba wengine tunahitaji utulivu. Mlango ukanyamaza. Kesho yake tukakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango wetu, ndogo kama kitambaa cha mkono. Ilikuwa na pindo pande zote nne kama kanga, na katikati, pale kwenye mji, pamechorwa ndala mbili za mwanamume, moja imekatika kamba na kufungwa kwa waya. Ndala zangu. Chini yake, mahali pa jina la kanga, pameandikwa: MKOROMO HAUNA SIRI, HUPANDA JUU.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Kanga anazisoma kama wengine wanavyosoma saa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Umejibiwa," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Jirani wa Juu. Jina lake nalijua, hata mpeleka barua analijua. Lakini yeye aliniita Jirani wa Chini tangu siku ya kwanza, hata mbele za watu, kana kwamba nimepewa cheo, nami nikamrudishia chake. Alizaliwa lini na kwa nani, sitaeleza, maana hakunieleza. Lugha yake ilikuwa ya Unguja mjini, na maringo yake pia. Hapa London alifanya kazi ya kutunza wazee mpaka akawa mzee mwenyewe, akasema sasa ni zamu ya wengine. Akaenda kujiandikisha darasa la kushona kwenye ukumbi wa mtaa. Lilikuwa limejaa. Lililobaki na nafasi ni la kuchonga picha kwenye ubao na kuzichapa kwenye karatasi, kwa namna ya Wajapani wa zamani.

"Nikasema hewala," alinihadithia. "Nguo inachapwa, karatasi inachapwa. Tofauti yake karatasi huivai."

Mwalimu wake alikuwa mama wa Kiingereza mwenye nywele fupi na subira ndefu. Aliwafundisha kwamba zamani kule Japani picha moja ilikuwa kazi ya watu wengi: mmoja anachora, mwingine anachonga ubao, mwingine anachapa, na juu yao wote yuko mwenye duka, anayejua watu wanataka nini mwezi huu. Wanafunzi wengine walishangaa. Jirani wa Juu aliona ni biashara ya kanga ile ile aliyoiona tangu utotoni, na mwenye duka ni yule yule, kabadilisha kofia tu.

Heshima ya makumbusho alikuwa hana kabisa. Siku moja aliniburuta kwenda kutazama hizo picha za wenyewe, akaniambia nikikaa sofani zaidi nitaota mizizi. Tukapanda treni ya Elizabeth, mimi nikihesabu vituo vya kurudi. Chumbani mle taa zilikuwa hafifu na watu wananong'ona. Yeye akasema kwa sauti ya sokoni, "Watazame, kama wamo msikitini. Na hizi zilikuwa zikiuzwa barabarani kwa bei ya bakuli la tambi." Akasogeza pua mpaka karibu iguse kioo. Mlinzi akaja. "Siibi, mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili, bila kugeuka. "Nasoma pindo." Mlinzi hakuelewa neno, lakini alirudi nyuma hatua, kama nilivyorudi mimi siku zote.

Mbele ya picha ya mvua ndipo aliposhusha sauti. Mvua yenyewe ni mistari tu, myembamba kama nywele, na nyuma yake buluu inayofifia mpaka ikawa karatasi tupu. Akaniambia, "Hiyo buluu unayoiona, mwalimu kasema ilitoka Ulaya, ikachukuliwa na wafanyabiashara, ikapitia kwa Wachina, ikafika Japani. Wakaichapa hivyo. Ikarudi huku, Wazungu wakaishangaa, wakaiita ya Kijapani." Akacheka. "Kama mimi na wewe. Tunaondoka, tunarudi, tunaitwa tofauti."

Hadithi aliyoipenda kuliko zote, na sijui kama ni ya kweli, ni kwamba baadhi ya picha hizo zilifika Ulaya zimekunjwakunjwa ndani ya makasha, zimefungia sahani na vikombe zisivunjike, na mtu mmoja mwenye akili akazinyoosha. "Kama vitumbua na gazeti," alisema. Na yeye hakuishia kwenye hadithi. Picha zake zilizoharibika hakuzitupa, alifungia vitumbua akawapelekea majirani. Jengo letu zima lilikula kwenye karatasi hizo. Kijana mmoja wa Kipolishi, wa mlango wa pembeni kule juu, alizibandika jikoni kwake, madoa ya mafuta na yote. Mimi nilizitupa mpaka mke wangu akaniona, na tangu hapo zimo kwenye sanduku chini ya kitanda.

Alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyokaa pamoja, na yakakaa. Alihubiri subira kama sheikh. "Mkono wa haraka huchapa jasho," alisema. Lakini basi likichelewa kidogo alianza kutembea kwa miguu, na basi likampita njiani akalipungia mkono kama aliyelishinda. Alichukia uchafu, na meza yake ya kulia ilikuwa na rangi za miaka. Karatasi zake, zilizotengenezwa kwa magome ya mforsadi, zilitakiwa kuwa na unyevu wakati wa kuchapa, kwa hiyo alizilaza ndani ya friji baina ya taulo mbichi, juu ya samaki. "Mama, zitanuka changu," nikamwambia. "Mwenye pua ndefu atajua zimetoka pwani," akajibu. Na aliapa kwamba yeye hasengenyi mtu. Kweli, hakusengenya. Alichapa. Yeyote aliyemkera aliamkia karatasi chini ya mlango wake, na wasiojua Kiswahili walishukuru kwa zawadi nzuri.

Lakini jambo lililomkalia rohoni ni lingine, na lilianzia ukutani kwake.

Pale sebuleni alikuwa amening'iniza kanga moja, imefifia mpaka wekundu wake umekuwa kama wa shavu. Ilikuwa ya kiwanda cha Japani. Zamani, alisema, wanawake wa kwao walizigombea kwa kuwa zilikuwa hazichuji. Kanga hununuliwa doti, vipande viwili vilivyo sawa. Hii ilikuwa kipande kimoja. Nikauliza, kwa ujinga wangu, kiko wapi cha pili.

"Kiko na mwenzangu," akasema. "Tulikata doti siku naondoka. Yeye alibaki." Kisha akaniuliza kama nataka chai, na kwa alivyouliza nilijua mazungumzo yamekwisha.

Sasa, darasa lao lilikuwa na chama, na chama kilikuwa na maonyesho kila mwaka, kwenye ukumbi mzuri wenye kuta nyeupe na kamati. Kila mwanachama alete kazi moja. Jirani wa Juu alipeleka karatasi mbili, mji mmoja, pindo moja, jina moja. Doti. Alitaka zitundikwe pamoja, bega kwa bega. Mwalimu wake akamwambia zimependeza sana, achague moja. Mabishano yao nilihadithiwa mara nyingi, kila mara kwa mikono zaidi.

"Hizi ni mbili," alisema mwalimu.

"Moja."

"Naona mbili, mpenzi."

"Suruali yako ina miguu miwili. Unavaa nusu?"

Mwalimu alicheka, lakini kamati ina kanuni, na kanuni haina masikio ya kuchekea. Wakakubali kutundika moja. Yeye akazikunja zote mbili akarudi nazo nyumbani. Mwaka uliofuata akapeleka doti nyingine. Na mwingine. Kila mara walimkubalia nusu, na kila mara alirudi na nzima. Nilimwambia, mimi mwenye elimu ya kidato cha nne na busara ya mto wa sofa, "Mama, si uwape moja tu, wakuone?"

"Wataniona nini? Kanga moja si doti. Ni mjane."

Baada ya hapo sikumshauri tena.

Kisha kidole gumba chake cha kulia kikaanza kugoma. Asubuhi tok-tok zikawa chache, na mkwaruzo ukakatika katikati, tukasikia patasi ikidondoka. Ajabu yake, ni mimi niliyekuwa sasa nikitazama dari ikinyamaza. Mke wangu alimpelekea mafuta ya kuchua. Jirani wa Juu akamwambia, "Ubao huu nilioushika ndio mkubwa wa mwisho. Baada yake nitachonga vidogo vya kumtania mumeo. Wakikataa na huu, basi."

Siku aliyokuja kurudisha chupa ya mafuta, mke wangu alikuwa anapanga kabati. Kitandani pamelala doti aliyoletewa na dada yake kutoka Tanga. Ilikuwa bado nzima, haijakatwa wala kupindwa, kipande kirefu kimoja kama ilivyotoka dukani. Miaka yote nilikuwa nimeahidi kuipeleka kwa fundi.

"Muulize huyu kwa nini haijakatwa," mke wangu akamwambia. "Atasema fundi yuko mbali. Fundi yuko mtaa wa pili."

Mimi nikajiandaa kuchekwa na wanawake wawili. Lakini Jirani wa Juu hakucheka. Aliishika ile doti mwanzo, akaivuta, mji wa kwanza, akaendelea kuvuta, mji wa pili. Akapitisha kidole pale katikati, mahali ambapo mkasi ungepita.

"Uvivu wako, Jirani wa Chini," akasema polepole, "Mungu ameuona." Akatoka bila kuaga. Tukasikia miguu yake ikipanda ngazi haraka kuliko kawaida.

Alitaka karatasi moja ndefu, isiyokatwa, ubao uchapwe upande huu, kisha usogezwe uchapwe upande ule. Doti nzima, kitu kimoja. Karatasi ya namna hiyo haikuwa rahisi kupatikana, na alizopata zilikuwa chache. Kuchonga alimaliza mwenyewe, na kidole kimefungwa kitambaa. Lakini kuchapa kunataka bega: unapaka ubao rangi iliyokorogwa na uji wa unga wa mchele, unalaza karatasi juu yake, halafu unaisugua kwa nyuma kwa kisugulio cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi, ukibonyeza kwa uzito wako wote. Bega lake lilikuwa limechoka.

"Wewe una uzito," aliniambia. "Kwa mara ya kwanza tuutumie."

Basi nikawa mchapaji. Jumamosi moja tulisukuma meza yake dirishani, tukaongeza ubao wa kupigia pasi ili karatasi ipate pa kulala. Mke wangu alishika ncha moja. Kwenye pembe ya kila ubao palichongwa alama ndogo mbili, karatasi inakaa pale kila rangi inapobadilika; ukikosea kidogo tu, wekundu unatoka nje ya mstari na kazi yote inakuwa karatasi ya vitumbua. Na sisi tulikuwa na rangi tatu, mara mbili, kwenye karatasi moja. Ukiharibu mji wa pili, na wa kwanza umekufa.

Tuliharibu. Ya kwanza niliisugua kwa woga ikatoka na madoa kama ukurutu. Ya pili mke wangu alipiga chafya. "Vitumbua," Jirani wa Juu alisema kila mara, na kuiweka pembeni, bila kuinua sauti. Sauti yake hiyo ya chini ilinitisha kuliko kufokewa. Ikabaki karatasi ya mwisho.

Mistari myeusi ikakaa, pande zote mbili. Buluu aliipaka mwenyewe kwa brashi pana, akaifuta kwa kitambaa mpaka ikafifia kama ile ya makumbusho. Ikakaa. Wekundu upande wa kwanza ukakaa. Nikabaki nimeshika karatasi juu ya ubao, jasho linanitiririka kwapani.

"Mama, naona kama imeenda kushoto."

"Haijaenda popote. Wewe ndiye hujawahi kwenda popote. Shusha."

Nikashusha. Nikasugua kwa uzito wa miaka yote ya sofani. Kisha akaishika mwenyewe pembeni, akaibandua taratibu.

Mji wake ulikuwa ngazi za jengo letu, zinapanda kwa kona. Kuna milango miwili, wa chini na wa juu. Nje ya mmoja viatu vya kike, nje ya mwingine ndala mbili, moja imefungwa kwa waya. Kwenye pindo, michoro ya korosho ya kanga ilichanganyika na mawingu ya kujikunja kama ya sahani za Kichina. Na jina, mara mbili, upande na upande: TUMEINGIA WAWILI, MLANGO NI ULE ULE.

Wekundu ulikuwa ndani ya mstari. Mke wangu akapiga kigelegele, na kutoka mlango wa pembeni yule kijana wa Kipolishi akagonga ukuta. Akapelekewa vitumbua.

Siku ya kupeleka, nilivaa viatu. Nasema hivyo kwa sababu mke wangu alipiga picha ya ushahidi. Karatasi ilikuwa imeviringishwa ndani ya bomba la pazia, nami nikaibeba basini kama bendera, nikiwaomba radhi abiria niliowagonga. Mwalimu alitupokea ukumbini, akaikunjua juu ya meza ndefu. Akatazama upande huu, akatazama upande ule, kisha akainama akatafuta pale katikati, mahali pa mkato. Hapakuwa na mkato. Alitafuta tena kwa kidole.

"Ni moja," akasema.

"Mwaka wa kwanza nilikwambia," alisema Jirani wa Juu.

Mwalimu akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. "Kamati haina la kusema. Nimengoja miaka hii yote uniletee kitu cha kuwafunga mdomo." Wakakumbatiana, yeye na subira yake ndefu, na mwenzake asiye na subira ya basi.

Wakaitundika ukuta unaotazama mlango, kitu cha kwanza mtu anachokiona akiingia. Siku ya ufunguzi watu wazito wa chama walisimama na glasi zao, wakinong'ona kama kawaida yao. Kisha wakaingia wanawake wa kwetu, kutoka Stratford, East Ham na Southall, makoti juu, kanga chini ya makoti, na walipoiona hawakunong'ona. Vigelegele vilipanda mpaka kwenye taa. Mzee mmoja wa kamati alishtuka akalimwagia shati lake kinywaji, akaangalia huku na huku, kisha akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Jirani wa Juu alisimama chini ya doti yake, mkoba ameushika kwa mikono miwili, kidevu juu. Mtu akamuuliza maana ya maneno yale. Alimtafsiria. Yule mtu akacheka, kisha akaonekana kujiuliza kama amesemwa. Alikuwa amesemwa.

Wengi walitaka kuinunua. Alikataa wote, kwa heshima, mmoja mmoja, na mimi nilisikia kila kukataa kukimtia nguvu mpya.

Maonyesho yalipokwisha nikadhani ataiweka ukutani kwake, kando ya ile kanga iliyofifia. Siku chache baadaye, adhuhuri, niko kwenye simu na mteja, mlango wetu ukagongwa. Jirani wa Juu hakuwahi kugonga mlango wetu hata mara moja; yeye hupenyeza karatasi, au hupiga hodi huku ameshaingia. Nikamwomba mteja asubiri. Alisimama pale amebeba lile bomba la pazia kwapani, na mkasi wa kushonea mkononi.

"Mama, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Mwite mkeo, ashike ncha."

Akaikunjua juu ya zulia letu. Nilielewa kabla hajasema, nikasema nisichopaswa kusema: "Mama, hii imetundikwa, imepigiwa makofi. Usiikate."

"Doti haiachwi nzima, Jirani wa Chini. Isiyokatwa ni ya dukani." Akampa mke wangu mkasi. "Kata wewe. Mkono wako haujaumwa."

Mke wangu alikata taratibu, katikati kabisa, pale mwalimu alipopatafuta. Jirani wa Juu akachukua kipande kimoja, akakiviringisha. Cha pili akakiacha kwenye zulia. Hakusema ni cha nani. Alikunywa chai, akaniambia ndala zangu sasa zimekuwa maarufu na hivyo ninunue nyingine, akapanda zake juu. Mteja alikuwa bado anasubiri kwenye simu. Alisema amesikia kila kitu na hakuelewa hata kimoja, na kwamba sauti ya yule mama imempendeza.

Kipande chetu kiko sebuleni sasa, juu ya sofa, naona aibu kulala chini yake, lakini nalala. Wageni wakija husoma jina, wale wanaojua kusoma kanga, kisha hutazama ukuta, kushoto, kulia. "Tumeingia wawili?" wanauliza. "Mbona moja? Ya pili iko wapi?"

Nangoja kidogo, mpaka sauti ianze: tok, tok, tok. Halafu nanyoosha kidole darini.